Kondishena Kichwani mwa Talaso

Kila siku baada ya masomo, Kinanu alipitia saluni ya mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati mtaani Bulapesa, mjini Isiolo. Ilikuwa na viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na sinki ambalo bomba lake lilitoa maji siku za Jumanne na Ijumaa tu, tena kwa kujivuta. Siku nyingine maji yalichotwa kwenye mitungi ya plastiki iliyopangwa nyuma ya mlango. Kinanu alifagia nywele zilizoanguka sakafuni, akasuuza vitana, akakunja taulo, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kutazama mikono ya mama yake ikifanya kazi.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, na tayari alijiona fundi. Mama yake, Magdaline, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kinanu, alikuwa amefanya kazi hiyo tangu Kinanu hajazaliwa na bado alikuwa akijifunza. Kinanu yeye alikuwa amemaliza kujifunza.

Kulikuwa na jambo moja hasa lililompendeza. Wateja wenye nywele kavu zilizojipinda, kama zake mwenyewe, walipokuja kuoshwa, mara nyingi mama aliipita chupa ya shampuu akachukua kondishena, ile krimu nzito ya kulainisha nywele. Aliipaka kichwa kizima, akakanda polepole, akasuuza, na nywele zikatoka laini na rahisi kuchana. Kinanu aliyajua hayo kwa kichwa chake mwenyewe. Zamani, alipokuwa akioshwa kwa shampuu kila wiki kwa yale maji yao ya chumvi, nywele zilikauka zikawa ngumu, na kila kitana kilipopita kilimtoa machozi. Tangu mama aanze kuziosha kwa kondishena, machozi yalikwisha. Kwa hiyo Kinanu alikata shauri kwamba shampuu ni kitu kibaya na kondishena ni kitu kizuri, na hakuona haja ya kumwuliza mtu kama mambo ndivyo yalivyo.

Jumapili moja alasiri mama alikwenda mkutano wa akina mama kanisani, akamwachia Kinanu ufunguo wa saluni ili aanike taulo. Ndipo Talaso alipokuja kumtembelea. Talaso alikuwa rafiki yake wa kukaa dawati moja, msichana wa Kiborana mwenye nywele ndefu zilizofika kiunoni. Shuleni hazikuonekana kwa sababu alivaa hijabu, lakini Kinanu alikuwa ameziona nyumbani kwao mara nyingi. Aliyezitunza ni nyanya yake, ambaye watoto wote wa mtaa walimwita Akko, yaani nyanya kwa Kiborana. Kila Jumamosi Akko alizipaka samli, akazichana na kuzisuka, kama alivyofanyiwa yeye mwenyewe alipokuwa msichana kule Kulamawe.

"Nywele zako siku hizi ni laini," Talaso alisema akigusa nywele za Kinanu zilizosukwa matuta. "Zangu zinanuka samli. Hata nikivaa hijabu bado naisikia."

"Ni kondishena hiyo. Kaa hapo nikuoshe."

"Kwani unajua?"

"Kwani mimi hukaa hapa kila siku nikihesabu nzi?"

Talaso alicheka, lakini hakuketi. "Mama yako amekubali? Akko hapendi kichwa changu kiguswe ovyo."

Kinanu angeweza kusema hapana, hajakubali, hata hajaulizwa. "Amekubali," alisema. "Ameniambia nikuoshe leo hii."

Neno lilimtoka kirahisi, na rafiki yake akaketi. Kinanu alichota kondishena kwa kiganja, akaongeza, akaongeza tena, maana nywele zilikuwa nyingi. Aliipaka kuanzia kwenye ngozi ya kichwa hadi ncha, samli ya jana yake ikiwa bado imo. Alipoinua mtungi ili asuuze, alikuta yamebaki maji ya kujaza jagi moja tu. Siku ile ilikuwa Jumapili na bomba lilikuwa kavu. Basi akammwagia hilo jagi moja. Nywele ziliteleza mikononi mwake, naye akadhani huo ndio ulaini wenyewe. Talaso alizikunja zikiwa zimelowa, akavaa hijabu juu yake na kwenda zake akiwa amefurahi sana.

Jumatatu jioni mama aliishika chupa ya kondishena, akaitikisa. "Hii imeishaje?"

"Sijui, Mama. Labda ulimwosha mtu Jumamosi ukasahau."

Mama aliitazama chupa, kisha akamtazama Kinanu. "Labda," alisema, akaenda kufungua chupa nyingine. Kinanu alishusha pumzi.

Jumanne Talaso alianza kujikuna. Aliingiza kalamu chini ya hijabu na kuisugua huku na huku, mwalimu akiwa ameupa darasa mgongo. Kinanu alimnong'oneza kwamba ni nywele tu zinazoea, zitatulia. Hazikutulia. Kufikia Jumatano, Talaso alikuwa akijikuna hata wakati wa kuimba wimbo wa taifa, na mabegani mwa hijabu yake ya samawati kulikuwa na chembechembe nyeupe kama unga. Tena kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Mungania, mvulana aliyekaa nyuma yao, alivuta dawati lake akasema kwa sauti kwamba hayo ni mapunye na wote wataambukizwa. Wengine nao wakavuta madawati. Kinanu peke yake alibaki mahali pake, na watu wakamsifu kimoyomoyo kwa ujasiri wake, kumbe hakuwa jasiri hata kidogo.

Mwalimu Bridget hakupenda kelele zile. Alimchukua Talaso hadi chumba kidogo cha vitabu, mahali ambapo wavulana hawangemwona, akamwomba avue hijabu. Aliporudi darasani, alirudi peke yake. Alisema Talaso amekwenda nyumbani na barua, na atarudi atakapopona, na yeyote atakayemcheka atafagia uwanja mzima. Mungania hakucheka. Lakini wakati wa mapumziko aliwaeleza wote kwamba binamu yake alipopata mapunye alinyolewa kichwa kizima, na kwamba hakuna njia nyingine.

Siku hiyo Kinanu hakupitia saluni. Alikimbia moja kwa moja hadi nyumbani kwa akina Talaso. Alimkuta rafiki yake ameketi mlangoni, macho yamevimba kwa kulia, na Akko yuko jikoni akichemsha chai.

"Kesho mjomba Arero anakuja na mashine yake," Talaso alisema. "Saa kumi. Ananinyoa zote."

"Zote?"

"Zote. Mwalimu ameandika huenda ni mapunye. Akko amesema nywele zikibaki ugonjwa utabaki."

Kinanu aliketi kando yake. "Ulimwambia Akko kuhusu... kuhusu ile siku nilikuosha?"

"Nilimwambia. Akauliza ni dawa gani. Nikamwambia ni kondishena, na mama yako alikubali." Talaso alipangusa pua kwa ncha ya hijabu. "Akasema Mama Kinanu anaijua kazi yake. Kama yeye ndiye aliyesema nioshwe hivyo, basi shida si hiyo. Ni ugonjwa tu."

Akko alitokea na vikombe viwili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mgongo ulionyooka. Alimpa Kinanu kikombe kimoja na kumwuliza habari za mama yake. Kinanu alisema mama hajambo. Akko alikishika kichwa cha mjukuu wake juu ya hijabu.

"Hii nywele nimechunga miaka kumi na moja," alisema. "Hata ng'ombe sijawahi kuchunga hivyo."

Chai ilikuwa tamu yenye maziwa mengi, lakini Kinanu hakuweza kuimaliza. Uongo wake mmoja tu ndio uliomfanya Akko aache kutafuta pale palipokuwa na kosa. Kama angeusema ukweli sasa hivi, pale mlangoni, mambo yangekwisha. Alifungua mdomo. Aliona jinsi Akko atakavyomtazama, aliona jinsi mama atakavyomtazama, akaufunga mdomo na kuaga.

Alhamisi ilikuwa siku ndefu kuliko zote. Nafasi ya Talaso kwenye dawati ilikuwa tupu. Mwalimu wa Hisabati alimwuliza Kinanu swali jepesi kabisa, naye akajibu jina la mto. Darasa lilicheka. Kila kengele ilipolia, Kinanu alihesabu saa zilizobaki kabla ya saa kumi.

Alipofika saluni, mama alikuwa katikati ya kumsuka mteja aitwaye Waringa, karani wa ofisi moja ya serikali, ambaye alikuwa na kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Kinanu alichukua ufagio. Alifagia pale palipokuwa safi. Mara tatu alisema, "Mama," na mara tatu mama alipoitika, alisema, "Si kitu."

Ndipo Arero, kinyozi, alipopita barabarani. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazi, na mkononi alibeba kile kimkoba cheusi cha mashine. Alisimama mlangoni kidogo kusalimia, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu.

"Mama Kinanu, habari ya kazi?"

"Njema, Arero. Leo umefunga mapema?"

"Naenda kwa dada yangu. Ile mtoto, Talaso, kichwa imeharibika. Nywele mzuri vile, lakini tutafanya nini." Alitikisa kichwa akaendelea na safari yake.

Mama alisema pole, akarudi kwenye nywele za Waringa. Kinanu alimtazama Arero akipita duka la miraa, akipita mbuzi waliolala kivulini, akikaribia kona. Akishapita ile kona, angekuwa amebakiza nyumba tano tu. Ufagio ulimtoka mikononi.

"Mama, si ugonjwa," alisema. "Ni mimi. Nilimwosha kwa kondishena Jumapili ulipoenda kanisani. Nilimwambia umekubali. Na ile chupa ni mimi nilimaliza. Wanamnyoa saa hii, Mama, na si ugonjwa."

Alilia, maneno yakamtoka yamechanganyika na kamasi. Mama hakupiga kelele. Alikichomeka kitana kwenye nywele za Waringa na kuvua aproni yake.

"Samahani, dada yangu—"

"Nenda," Waringa alisema. "Mimi nitaenda wapi na kichwa hiki?"

Mama alichukua chupa ya shampuu rafuni, akamshika Kinanu mkono, wakatoka mbio.

Mlango wa ua wa akina Talaso ulikuwa wazi, na sauti ya mashine ilisikika tangu nje. Talaso alikuwa kwenye kigoda, taulo shingoni, macho ameyafumba kwa nguvu. Nyuma ya sikio la kushoto Arero alikuwa amekwisha kupitisha mashine mara moja, na shungi moja refu lilikuwa chini kwenye vumbi. Akko alikuwa amegeuzia uso ukutani.

"Arero, ngoja kidogo," mama alisema. "Akko, shikamoo. Nisamehe kuingia bila hodi." Kisha akamsukuma Kinanu mbele. "Sema wewe. Mimi sisemi kwa niaba yako."

Mashine ilizimwa. Kinanu aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto, lakini alilitazama lile shungi lililoanguka chini, akapiga moyo konde na kusema yote: samli, kondishena, jagi moja la maji, na kwamba mama yake hakujua lolote.

Talaso alifumbua macho. "Ulisema alikubali," alisema polepole. "Nilikuuliza, ukasema alikubali."

"Nilidanganya," Kinanu alisema.

Akko alisogea pembeni ili Mama Kinanu apate nafasi. Mama alizitenganisha nywele kwa vidole, akatazama ngozi ya kichwa, akanusa. Kwanza aliuliza maswali. Samli ilipakwa lini? Nyingi kiasi gani? Nywele zilikauka kabla ya hijabu kuvaliwa? Kila jibu alilolipata, alitikisa kichwa.

"Tuletewe maji ya uvuguvugu," alisema. "Mengi, jamani."

Arero mwenyewe alibeba ndoo. Mama aliosha ngozi ya kichwa kwa shampuu kwa ncha za vidole, bila kutumia kucha, akasuuza, na maji yakatoka meupe, mazito. Akaosha mara ya pili. Ndoo ya kwanza ilikwisha, na ya pili, na alipofika katikati ya ya tatu maji yakaanza kutoka safi. Alimtaka Kinanu asogee aone. Ngozi ilikuwa nyekundu, na alama za kucha na kalamu zilionekana wazi. Lakini hapakuwa na yale mabaka ya duara ambayo nywele hukatika na ngozi hufanya magamba.

"Kwa macho yangu hayo si mapunye," mama alisema. "Lakini mimi ni msusi, si daktari. Kesho asubuhi tutampeleka zahanati pamoja, wamtazame, watupe karatasi ya kumpelekea mwalimu. Kichwa kikiwasha siku tatu, watu huenda zahanati kwanza. Mashine huja baadaye, ikihitajika."

Arero aliitazama mashine yake kama iliyomkosea, akairudisha mkobani.

Talaso aliketi juani, nywele zimetandazwa mgongoni zikauke kabisa. Mama alimketisha Kinanu mbele yake.

"Uliona naacha shampuu, ukadhani shampuu ni adui," alisema. "Nywele zako zimejipinda. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayafiki kwenye ncha, ndiyo maana hukauka. Kondishena inazisafisha polepole bila kuzikausha, nami nazisuuza kwa maji ya kutosha. Na hata hivyo, kila mwisho wa mwezi nakuosha kwa shampuu. Ulifikiri nimesahau?"

"Ndiyo," Kinanu alisema kwa sauti ndogo.

"Za Talaso zimelala, mafuta hushuka upesi hadi chini, na juu ya hayo zina samli. Kondishena haina nguvu ya kuitoa samli yote ile. Uliongeza mafuta juu ya mafuta, ukayaacha humo, kisha hijabu ikafunika unyevu. Kichwa gani hakingewasha? Nywele kama zile huanzwa kwa shampuu kwenye ngozi, kisha kondishena kidogo, kwenye ncha peke yake."

Ijumaa daktari wa zahanati alimtazama Talaso, akasema hana mapunye, ngozi imekereka tu na itapona, na asijikune. Mwalimu Bridget aliisoma karatasi ile mbele ya darasa na kumrudisha Talaso kwenye dawati lake. Mungania alirudisha lake mbele bila kuambiwa. Talaso hakuzungumza na Kinanu asubuhi yote iliyobaki. Mchana alimwazima kifutio, bila kumtazama. Kinanu alikipokea kwa mikono miwili.

Adhabu ilikuwa ndefu. Kwa muhula mzima Kinanu angechota maji ya saluni wala hangegusa kichwa cha mteja. Hakulalamika, kwa kuwa alijua shungi la nyuma ya sikio lingechukua miaka kurudi.

Jumamosi asubuhi Akko alikuja saluni. Hakuwahi kufika pale hata siku moja. Kinanu alipomwona mlangoni alishtuka, akajua amekuja kumshtaki, akasimama nyuma ya mitungi. Akko alimsalimia mama, akaketi kwenye kiti karibu na sinki, akafungua mtandio wake. Nywele zake zilikuwa nyeupe, nyembamba, zimesukwa mistari midogo.

"Magdaline, nataka huyu mtoto anioshe."

"Akko, ana adhabu," mama alisema.

"Najua. Leo mpe ruhusa, kwa sababu yangu." Kisha akageuka kwa Kinanu. "Njoo mbele, si nyuma ya mtungi."

Kinanu alikuja. Hakugusa chupa yoyote.

"Akko," aliuliza, "umepaka nini kichwani? Na ni tangu lini?"

"Samli. Tangu juzi."

Kinanu alimgeukia mama yake. "Mama, nianze na shampuu? Maji ndoo mbili zitatosha?"

"Anza. Zikipungua tutaongeza."

Akko alilaza kichwa nyuma na kufumba macho. Kinanu alipoanza kuosha kwa ncha za vidole, taratibu, yule mwanamke akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa:

"Kuharibu nywele, hiyo ni kutojua. Kutojua nilikusamehe palepale uani. Lakini Jumatano ulikunywa chai yangu, ukaniangalia, na ukweli ulikuwa nao mdomoni. Uliogopa hasira yangu, ukaona afadhali mwenzako anyolewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Akko."

"Usirudie, mwanangu. Ukikosea, njoo useme siku hiyohiyo, hata kama unalia. Mimi nitakasirika, kisha tutatafuta maji."

Kinanu alisema hatarudia. Machozi yalimdondoka, lakini hakuondoa mikono kichwani mwa Akko, akaendelea kuosha.